Mtuhumiwa asipobanwa, atasema? Jibu kwa askari mwanafunzi

Swali lililonifikia ni hili. Nimelifupisha kidogo na kuondoa yanayoweza kumtambulisha mwandishi.

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni askari mwanafunzi hapa Dar es Salaam, mafunzo yetu yanakaribia kwisha. Tumefundishwa mahojiano ya upelelezi: umwache mtu aeleze mwenyewe, uulize maswali ya wazi, usitishe, usiahidi. Kwenye mtihani wote tuliandika vizuri. Lakini usiku hangani, yaani bwenini, kila mtu ana lake. Wengi wanasema hizo ni mbinu za Wazungu wenye kamera kila kona. Wengine wanasema zinafaa kwa shahidi, siyo kwa jambazi. Kaka zetu waliotutangulia vituoni ndio kabisa, wanatuambia ya darasani tuyaache darasani. Mimi nipo katikati. Je, mbinu hizi zinamfaa mtuhumiwa wa uswahilini, wa Tandale au Mbagala? Na nikifika kituoni nikaambiwa ‘mbane huyo mpaka ateme’, nifanye nini?”

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo linalokunyima usingizi. Nitalifikia. Kwanza nikuambie kwamba hayo mnayobishania hangani nimeyasikia kwa kila kundi nililolifundisha tangu nilipoacha kazi ya upelelezi na kushika chaki. Maneno hayabadiliki sana. Wala si dalili ya ubaya wa vijana wenzako. Ni mawazo ya watu ambao hawajawahi kukaa mezani na mtuhumiwa, ila wamesikia hadithi nyingi za waliokaa.

Siku ya kwanza darasani huwa nawagawia wanafunzi vipande vya karatasi, kila mmoja aandike kwa mstari mmoja: mahojiano na mtuhumiwa ni ya nini? Wengi wao huandika maneno ya aina moja: kumfanya akubali kosa. Akubali, akiri, aseme ukweli (wakimaanisha akiri). Wachache sana huandika “kupata taarifa”. Hapo ndipo mzizi wa ubishi wenu ulipo. Ukiamini kazi yako ni kumfanya mtu akubali, basi kumsikiliza kutaonekana kama kumbembeleza, swali la wazi litaonekana kama kumpa nafasi ya kutunga uongo, na kimya kitaonekana kama kushindwa. Mbinu nzima itakuwa udhaifu machoni pako. Ukiamini kazi yako ni kukusanya taarifa unazoweza kwenda kuzihakiki nje ya chumba kile, mbinu ile ile inakuwa silaha. Kwa hiyo kabla hujamuuliza mwenzako kama mbinu za darasani zinafaa, muulize yeye anatafuta nini mle chumbani.

Nilijifunza hili kwa njia mbaya, na nitakueleza bila kuficha upande wangu.

Nilikuwa mpelelezi mchanga katika kituo ambacho sitakitaja. Mashine ya boti ya mvuvi mmoja ilipotea usiku. Tukaambiwa kuna kijana mpagazi alikuwa akilala pale pale ufukweni. Nilimkamata asubuhi. Alikuwa na umri wa kama miaka kumi na tisa, anajibu kwa sauti ndogo, macho chini muda wote. Mimi nikasema moyoni: huyu ndiye. Nikaanza. “Mashine uliichukua saa ngapi? Mliibeba na nani? Si ni ile ya rangi ya bluu? Mlipitia upande wa mnadani, siyo?” Sikumpiga hata kofi, na kwa miaka mingi nilijisifia jambo hilo. Lakini nilimuuliza maswali hayo hayo kwa kuyageuza geuza mpaka jua likazama, kisha nikamwambia, “Ukikubali, hili jambo ni dogo, utarudi nyumbani.” Akakubali. Nikaandika maelezo ya onyo (yale ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake) kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri, akaweka dole gumba.

Wiki kadhaa baadaye mashine ilipatikana mbali na Dar, mikononi mwa mtu aliyeinunua kutoka kwa nahodha wa boti ile ile. Kijana yule alikuwa bado mahabusu. Nilipoyasoma upya maelezo yake ndipo nilipoona jambo ambalo lingenionyesha ukweli siku ile ile: hakukuwa na hata neno moja ambalo mimi sikuwa nimelijua kabla ya kuingia chumbani. Rangi ya bluu niliitaja mimi. Njia ya mnadani niliitaja mimi. Alinirudishia maneno yangu, nami nikayaita ushahidi.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hili lina utafiti mzito nyuma yake. Marekani, mwanasheria Brandon Garrett alizichambua kesi 40 za watu waliokiri makosa makubwa kisha vipimo vya vinasaba (DNA) vikaonyesha kwamba si wao. Karibu maungamo yote yalikuwa na undani wa tukio ambao ilidaiwa kwamba ni mhalifu peke yake angeweza kuujua. Undani huo watu wasio na hatia waliutoa wapi? Kwa waliowahoji. Na kati ya watu zaidi ya 370 ambao nchini humo wameondolewa hatia kwa vipimo hivyo, zaidi ya robo walikuwa wamekiri au kutoa kauli za kujitia hatiani. Wanaosema hangani kwamba “mtu asiye na kosa hawezi kukubali” wanasema jambo ambalo limeshapimwa na kuonekana si kweli.

Sasa njoo kwenye sheria yetu, maana hapa wenzako wengi wanateleza. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu ungamo lililotolewa kwa polisi kupokelewa mahakamani, kwa sharti kwamba lilitolewa kwa hiari. Mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo uko juu ya upande wa mashtaka. Mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha kwamba alilazimishwa. Na kinachoondoa hiari si kipigo peke yake. Sheria inataja tishio, na inataja pia ahadi. Ile sentensi yangu ya “utarudi nyumbani” ilitosha kuyatia doa maelezo yote. Wakili anapopinga maelezo ya onyo, hakimu au jaji husimamisha kesi ya msingi na kuendesha kesi ndani ya kesi, yaani kesi ndogo ya kuamua kama maelezo yalitolewa kwa hiari, na hapo anayehojiwa ni wewe. Utaulizwa ulianza saa ngapi, ulimaliza saa ngapi, nani alikuwepo, mtuhumiwa alikula nini.

Saa hizo si mapambo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inakupa saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi tangu anapokamatwa, na ukihitaji zaidi kuna utaratibu wa kuomba nyongeza. Mahakama ya Rufani imeyaondoa maelezo ya onyo katika kesi nyingi kwa sababu tu yalichukuliwa nje ya muda bila nyongeza hiyo. Nimeona jalada nene la unyang’anyi wa kutumia silaha likianguka hivyo. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetishwa, askari alichelewa tu kwa kuwa aliamini mtu “akilala kidogo mahabusu atalainika”. Hata ungamo likipokelewa, mshtakiwa akilikana mahakamani majaji wa Afrika Mashariki wana tahadhari ya tangu kesi ya Tuwamoi ya Uganda ya mwaka 1967: wanatafuta ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Kwa hiyo yule anayehangaika na ungamo tu, hata akilipata, bado atatumwa kutafuta kile ambacho angekitafuta tangu asubuhi.

Haya, “mbinu za Wazungu”.

Waingereza hawakuanza kuhoji hivi kwa sababu ya upole wala kwa sababu ya kamera. Walianza kwa aibu. Mwaka 1975 watu wanne walifungwa kwa mabomu ya Guildford na wengine sita kwa mabomu ya Birmingham, na katika kesi zote mbili maungamo ndiyo yaliyokuwa nguzo. Wanne wakaachiwa mwaka 1989, sita mwaka 1991, wote hawakuwa na hatia. Miaka kumi na nne, miaka kumi na sita gerezani. Wakati huo mahojiano yalikuwa yameanza kurekodiwa kutokana na sheria ya mwaka 1984, na mtafiti John Baldwin akakaa akapitia mahojiano 600. Alichokiona kilikuwa kinyume na hadithi za vituoni. Watuhumiwa wengi walikuwa wanaongea tu tangu mwanzo. Waliobadilisha msimamo katikati kwa sababu ya ufundi wa aliyewahoji walikuwa wachache mno. Na waliohoji wengi hawakujiandaa, walikuwa na wasiwasi, walishaamua jibu kabla ya kuuliza. Ndipo ukazaliwa mfumo wa PEACE mwaka 1992, herufi tano za maneno ya Kiingereza kwa hatua tano: kupanga na kujiandaa, kumpokea mtu na kumweleza utaratibu, kupata maelezo yake pamoja na kuyafafanua na kuyahoji, kufunga, kisha kujitathmini. Tazama kwamba kumhoji kwa ukali wa hoja kumo humo ndani. Kumewekwa katikati, baada ya kumsikiliza, siyo mlangoni.

Na kama hoja ni asili ya mtu, aliyesukuma jambo hili mpaka Umoja wa Mataifa ni Juan Méndez, mwanasheria wa Argentina ambaye yeye mwenyewe aliteswa kizuizini miaka ya 1970. Kanuni zinazoitwa kwa jina lake zilitolewa mwaka 2021. Miaka saba kabla, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishapitisha Miongozo ya Luanda kuhusu ukamataji na mahabusu. Majirani zetu Kenya nao sheria yao haimruhusu mpelelezi wa kesi kuwa ndiye anayepokea ungamo; huandikwa na ofisa mwingine, na mtuhumiwa ana haki ya kuwa na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe.

Kuhusu kamera, nadhani wenzako wameishika hoja kwa mkiani. Mwenye kamera na maabara anaweza kuharibu mahojiano na bado akabaki na kesi. Wewe uliye kituo cha pembeni ya jiji, ambako ushahidi wako mkubwa ni midomo ya watu, ukiharibu mahojiano umebaki na nini? Kisha Dar ya leo siyo ya ujana wangu. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kila muamala kwa wakala una saa na dakika. Hayo yote yanakungoja, lakini yanahitaji mtuhumiwa aliyeeleza kwa kirefu alikuwa wapi, ili upate cha kulinganisha.

Hapa ndipo nataka uniazime sikio, kwa sababu mfano wake unawahusu wanafunzi kama wewe kabisa. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden, Maria Hartwig na Pär Anders Granhag wakiwemo, waliwachukua wanafunzi 82 wa chuo cha polisi. Kila mmoja alimhoji mtuhumiwa mmoja wa kuigiza. Baadhi ya watuhumiwa walikuwa wameiba pochi, wengine hawakuiba, na ushahidi wa awali ulikuwepo dhidi ya wote. Nusu ya wanafunzi walipewa mafunzo mafupi ya jambo moja: usimwonyeshe mtu ushahidi wako mapema, mwache kwanza aeleze kwa uhuru, muulize maswali yanayoukaribia ushahidi ule bila kuutaja, kisha ndipo uulete. Nusu nyingine walihoji wanavyojua. Ambao hawakufundishwa walimtambua mwongo na mkweli kwa asilimia 56, yaani karibu sawa na kurusha shilingi. Waliofundishwa walifika asilimia 85. Wote walikuwa wanafunzi wa polisi.

Nikuletee hilo Dar. Bodaboda imeibwa Kinyerezi usiku, nawe una rekodi kwamba simu ya mtuhumiwa ilitoa pesa kwa wakala wa Gongo la Mboto saa tatu na robo usiku ule. Askari wa haraka anaingia na karatasi mkononi: “Ulikuwa Gongo la Mboto, kataa!” Amempa mtuhumiwa zawadi. Sasa mtuhumiwa anajua ukuta uko wapi, atajenga hadithi pembeni yake: alikwenda kumwona shangazi. Askari aliyejiandaa anaacha karatasi ndani ya jalada. “Nielezee jioni yako ya Jumanne, tangu ulipomaliza kula mchana mpaka ulipolala.” Anasikiliza. Kisha: “Simu yako jioni ile alikuwa nayo nani? Uliwahi kuishiwa salio au pesa? Ulipita upande wa uwanja wa ndege?” Mkweli atajisemea mwenyewe habari ya wakala, kwa sababu hana cha kuikwepa. Aliyekwenda kwa siri atasema hakutoka nyumbani. Hapo ndipo unaleta karatasi, na kwa sauti ile ile ya chini unamwomba akusaidie kuelewa. Niambie sasa, kati ya hao askari wawili, nani amembana mtu?

Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema mbinu hizi ni za mashahidi tu. Nao watafiti wengine wa Sweden, Holmberg na Christianson, waliwauliza wanaume waliokuwa wamefungwa kwa mauaji na makosa mazito ya kingono jinsi walivyohojiwa. Waliosema walihojiwa kiutu ndio waliokuwa na mwelekeo wa kukiri. Waliohojiwa kwa ubabe walielekea kukana. Hao hawakuwa wezi wa kuku. Na kwa heshima, mwanangu, mtuhumiwa wa Tandale hana tofauti na wa Masaki kwa matajiri. Nimewahoji wote. Yule wa Tandale ana tofauti moja tu inayokuhusu: mara nyingi hana wakili wa kumsemea, kwa hiyo ubovu wako utakuja kuonekana kwa kuchelewa.

Kuna imani nyingine ambayo hukuitaja, lakini najua ipo hangani: “mimi mwongo namjua nikimtazama.” Mimi nilikuwa nayo, na ndiyo iliyomfunga yule kijana wa ufukweni. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, uliojumlisha watu zaidi ya elfu ishirini na nne, ulikuta kwamba binadamu humtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza kwa asilimia 54 tu. Mwaka huo huo utafiti mwingine uliofanyika katika nchi nyingi uliuliza watu wanamjuaje mwongo, na jibu lililoongoza lilikuwa: hakutazami machoni. Sasa fikiri ulivyolelewa wewe. Mtoto wa Kiswahili akiitwa na mtu mzima, tena aliyevaa sare, anatazama wapi? Chini. Tumemfundisha wenyewe kwamba kumkodolea mkubwa macho ni utovu wa adabu, kisha tunamweka kwenye kiti cha kituoni na kuihesabu adabu hiyo kuwa ni hatia. Naomba hili ulishike kuliko asilimia zote nilizokuandikia.

Na hapo naingia kwenye lugha, sehemu ambayo vitabu vya nje haviwezi kukufundisha.

Mahojiano yetu yanafanyika kwa Kiswahili, na Kiswahili kina mitego yake. Ukimuuliza mtu, “Hukupita Buguruni siku ile?” naye akajibu “Ndiyo,” amesema nini? Kwa wengi wetu amesema: ndiyo, ni kama ulivyosema, sikupita. Nimeona maelezo ambayo jibu kama hilo liliandikwa kuwa “alikubali kupita Buguruni”. Swali la kukanusha litupe kabisa. Kisha kuna ile “ndiyo afande” ya heshima, ambayo maana yake ni “nimekusikia” au “naogopa”, na haina uhusiano wowote na kilichoulizwa. Ukitaka kuijua, uliza jambo ambalo jibu lake si ndiyo wala hapana. “Ikawaje?” Neno moja tu, na ni swali bora kuliko kurasa mbili za “je, ni kweli kwamba”.

Shahidi akisema “alikuja akamwambia ampe”, wewe umeshaona picha kichwani mwako, mwanamume kamwambia mwanamume. Yeye hajasema hivyo. Lugha yetu haionyeshi kama ni mwanamke au mwanamume, na hapo kuna watu watatu ndani ya maneno matatu. Rudi: nani alikuja? Akamwambia nani? Ampe nani? Akisema “ndugu yangu”, huenda ni mtoto wa mama mdogo, huenda ni mtu wa kijijini kwao. Na saa! Mzee wa pwani akikwambia “usiku wa Ijumaa” anaweza kuwa na maana ya usiku ule ambao wewe unauita Alhamisi. Mwulize kulipokucha ilikuwa siku gani. Saa mbili yake iandike saa mbili usiku au saa mbili asubuhi, usiigeuze kichwani na kuandika namba za kizungu kwa haraka. Nimeona mtu akikutwa kwenye maandishi mahali pawili kwa saa ile ile kwa sababu ya kosa la askari kugeuza saa.

Jambo la mwisho la lugha: mikono yetu. Chukua majalada kumi uyasome. Mama ntilie wa Buguruni, dereva wa daladala, mwanafunzi wa sekondari, wote wanaanza “Nakumbuka mnamo tarehe…” na wote wanasema “majira ya saa”. Hakuna mama ntilie anayesema hivyo. Hayo ni maneno ya askari. Andika alivyosema yeye. Akisema “nilisikia mlio kama bati linaanguka”, andika bati. Siku ya mahakamani neno hilo la bati ndilo litakalomfanya ajulikane kuwa ni yeye aliyesema, na ndilo litakalomkumbusha.

Kwa shahidi wa namna hiyo, usimuulize kwanza rangi ya bajaji. Mrudishe pale. “Funga macho ukitaka. Upo jikoni kwako, sufuria gani ilikuwa motoni? Adhana ilikuwa imeshapigwa?” Mwache aje taratibu. Fisher na Geiselman walioitengeneza njia hii Marekani miaka ya 1980 walisikiliza kanda za wapelelezi wa Florida na kukuta shahidi akianza kueleza anakatizwa, kwa wastani, baada ya sekunde saba na nusu. Mimi huwapima wanafunzi wangu kwa simu. Wengi hawafiki hata hapo, na hawaamini mpaka wasikie sauti zao wenyewe. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona kitu kinachobadili mtazamo wa kijana kuhusu mahojiano kama kujisikia akimkatiza mtu aliyekuwa karibu kusema jambo. Mihadhara yangu haijawahi kufanya nusu ya kazi hiyo.

Kuna jambo moja ambalo kaka zenu wa vituoni wana haki nalo, nami sitawapinga: muda na mazingira. Foleni ya walalamikaji ipo mlangoni, chumba ni kimoja, mkubwa anauliza kesi imefikia wapi. Wanaposema darasani hamkuonyeshwa hayo, wanasema kweli. Lakini hesabu nao pamoja. Dakika kumi na tano za kusoma jalada na kuandika mambo manne unayotaka kuyajua, kisha saa moja ya kusikiliza, ni pungufu kuliko siku nzima ya kuulizana “ulichukua au hukuchukua”, ukiongeza na safari za mahakamani kutetea maelezo yaliyopingwa.

Basi, mkubwa akikuambia “mbane”.

Neno hilo lina maana nyingi, na mara nyingi anachotaka hasa ni hatua: jina, mahali, mali ilipo. Mjibu kwa heshima na kwa lugha ya kazi: “Sawa afande, naomba saa moja nimsikilize, nitakuletea vitu vya kuhakiki.” Kisha mletee kweli. Mtu akieleza kwa kirefu hutakosa namba ya simu, jina la rafiki, duka, gari. Ukimwekea mkubwa mezani mambo matatu ya kufuatilia kabla ya saa saba mchana, atakuacha uhoji unavyojua. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Akimaanisha kipigo, hapo hakuna mbinu ya kukufundisha. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama na za kumdhalilisha, na amri ya kuivunja si amri halali. Mkono utakaopiga ni wako, na jina litakaloitwa mahakamani ni lako. Sikufichi kwamba kukataa kunaweza kukugharimu: utapangiwa lindo la usiku, utaitwa mlokole au mwoga. Kataa kwa sauti ya chini, pasipo kumwaibisha mbele za watu: “Afande, hilo litatuharibia kesi, niruhusu nimalize kumhoji.” Andika kwenye shajara ya upelelezi saa uliyoanza na saa uliyomaliza, na nani alikuwepo. Mtafute pia askari mmoja mkongwe anayehoji vizuri, maana kila kituo nilichopita alikuwepo, mara nyingi hana cheo kikubwa, anaongea taratibu, na watuhumiwa humuulizia kwa jina. Kaa pembeni yake umtazame.

Kwa sasa, kabla hamjatawanyika, fanya zoezi moja na yule mwenzako anayebisha zaidi. Kaeni kitandani, washeni kinasa sauti cha simu, akueleze safari yake ya mwisho kwenda kwao, tangu alipofika stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis mpaka alipobisha hodi nyumbani. Wewe una maswali mawili tu: “Nieleze” na “Ikawaje?” Mkimaliza, isikilizeni kanda pamoja, mhesabu sekunde ulizoweza kukaa kimya. Kisha mbadilishane. Niandikie idadi zenu wote wawili.